Mchoraji Asiyepiga Ala: Kuhusu Cochin Moon ya Hosono na Yokoo

SWALI: Kijana wangu amenitumia albamu ya Kijapani ya mwaka 1978 iitwayo Cochin Moon, kwa kuwa anajua napenda taarabu na nyimbo za filamu za Kihindi. Nilitarajia kusikia Uhindi, au angalau Japani. Badala yake nimesikia mashine zinazolia kama vyura wa masika. Kisha nikasoma kwamba mmoja wa wawili walioandikwa jaladani, Tadanori Yokoo, ni mchoraji na hakupiga ala hata moja. Huo ni ushirikiano wa namna gani? Na wanaposema huu ni muziki wa pop, hiyo pop iko wapi? – Msomaji wa Mombasa

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na hilo la Yokoo, maana likikaa sawa, mengine yatafuata. Ni kweli hakupiga kinanda wala ngoma katika albamu hii. Hata hivyo jina lake limeandikwa pale kwa haki, na nasema bila kusita kwamba pasipo yeye albamu hii isingekuwapo.

Tuwajue kwanza wenyewe. Haruomi Hosono alizaliwa Tokyo mwaka 1947, na ala yake ni gita la besi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa katika bendi ya Happy End pamoja na Eiichi Ohtaki, Shigeru Suzuki na Takashi Matsumoto. Wakati ule wanamuziki wengi wa Tokyo waliamini kwamba roki haiwezi kuimbwa kwa Kijapani, eti maneno hayakai kwenye mapigo. Happy End wakaimba Kijapani, na albamu yao ya pili, Kazemachi Roman ya 1971, ilimaliza ubishi huo kwa watu wengi. Bendi ilipovunjika Hosono akatoa albamu yake mwenyewe, Hosono House, mwaka 1973, iliyorekodiwa nyumbani kwake Sayama, mkoa wa Saitama, katika mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia za wanajeshi wa Marekani.

Baada ya hapo masikio yake yakageukia kwingine. Alianza kuusikiliza tena muziki wa Martin Denny, mpiga piano Mmarekani aliyepata umaarufu Honolulu katika miaka ya 1950. Bendi ya Denny ilipiga muziki laini wa hotelini huku wanamuziki wenyewe wakiiga sauti za ndege na vyura kwa vinywa vyao. Wamarekani walinunua santuri hizo kwa mamilioni wapate kuota visiwa na "Mashariki" ambayo haikuwa mahali popote duniani. Sasa fikiria Hosono, Mjapani, mtu wa hiyo hiyo Mashariki inayouzwa, amekaa Tokyo anasikiliza ndoto ya Mmarekani kuhusu kwao. Aliipenda, tena sana. Lakini alipoanza kuipiga mwenyewe, kuanzia Tropical Dandy ya 1975, ndoto ile ilikuwa imepinduka: ni Mashariki inayojitazama kwenye kioo kilichotengenezwa na wengine, na kukichezea kioo chenyewe.

Yokoo alizaliwa mwaka 1936 Nishiwaki, mkoani Hyogo. Katika miaka ya 1960 alikuwa mchoraji wa mabango aliyezungumzwa kuliko wengine wote Japani. Mabango yake yalikuwa ya maigizo ya kina Juro Kara na ngoma za Tatsumi Hijikata, na mwandishi Yukio Mishima alikuwa miongoni mwa marafiki zake. Tafuta bango lake la 1965, lile alilojionyesha mwenyewe kuwa amekufa akiwa na umri wa miaka 29. Litazame vizuri. Katikati yuko mtu aliyejinyonga, ameshika ua la waridi mkononi. Nyuma yake mionzi ya jua jekundu imetawanyika pande zote, ile ile ya bendera ya kijeshi ya zamani. Juu, pembeni, uko mlima Fuji na treni ya mwendo kasi. Kila kitu ni picha rahisi ambayo Mjapani yeyote alikwisha kuiona mara elfu kwenye viberiti, karata na matangazo ya dukani. Wasanii wenzake waliosomea usanifu wa kisasa wa Ulaya waliziona picha hizo kuwa za kizamani na za aibu. Yokoo alizikusanya, akazipanga upya, zikawa zinatisha na kuchekesha kwa pamoja.

Hapo ndipo ninapotaka uone jambo, mama. Anachofanya Yokoo kwa picha ndicho anachofanya Hosono kwa sauti. Wote wawili wanachukua ndoto za bei rahisi ambazo watu wa heshima wamezitupa, na wanazishughulikia kwa upendo na ustadi mpaka zinaonyesha kilichofichika ndani yake. Walipokutana hawakuwa mwanamuziki na mtu wa kumpambia jalada. Walikuwa watu wawili wa kazi moja wenye zana tofauti.

Na Yokoo hakuwa mgeni kwenye santuri. Mwaka 1969 mtunzi Toshi Ichiyanagi alitoa opera iliyojengwa juu ya kazi za Yokoo, ikatoka kwenye santuri mbili zenye michoro iliyochapwa juu ya sahani zenyewe. Mwaka 1974 ilitoka Lotus, albamu ya bendi ya roki ya Kimarekani Santana, maonyesho yaliyorekodiwa Osaka, ambayo jalada lake alilichora Yokoo na lilikuwa likikunjuka kwa kurasa 22. Katika miaka hiyo alivutwa sana na Uhindi, safari zake na miungu yake, na ukilikunjua jalada la Lotus utauona mvuto huo wazi. Kwa hiyo ilipofika 1978, alikuwa mtu aliyekwisha kujua kwamba santuri si sauti tupu: ni kitu unachokishika, unachokitazama, kinachokupeleka mahali hata kabla sindano haijagusa.

Mwaka huo Yokoo alimchukua Hosono wakaenda Uhindi.

Huo ndio mchango wake wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa. Hosono alikuwa amekwisha kupiga miaka mitatu ya muziki kuhusu nchi za joto bila kutoka kwenye ndoto yake. Yokoo alimtoa chumbani. Mpango wa mwanzo ulikuwa kurekodi sauti za Uhindi kwa kinasa sauti, barabara na masoko na mahekalu, kisha kuzishona ziwe albamu. Mpango huo haukutimia. Hosono aliugua tumbo, kuharisha kulikomlaza hoi, na sehemu kubwa ya safari ikawa ni joto, kitanda na dari.

Soma majina ya nyimbo ukiwa na hilo akilini. Upande wa kwanza wote ni hoteli: Hotel Malabar, kwanza orofa ya chini, halafu orofa ya juu, halafu bustani ya kwenye paa. Malabar ndiyo pwani ya Kerala, na Cochin, au Kochi kama inavyoitwa sasa, ndiyo bandari yake kubwa. Upande wa pili unafunguliwa na wimbo uitwao Hepatitis, yaani homa ya ini. Unafuata Hum Ghar Sajan, jina lililotoka kwenye maneno ya kufungulia utenzi mtakatifu wa Guru Nanak wa dini ya Sikh, yanayomkaribisha mpendwa nyumbani. Wa mwisho ni Madam Consul General of Madras, heshima kwa bibi wa ubalozi mdogo wa Japani katika mji ambao leo ni Chennai. Nyimbo sita tu, nazo ni safari nzima: mgeni anafika hotelini, anapanda ngazi, kichwa kinaanza kumzunguka, ugonjwa unamshika, anaingia katika kitu kinachokaribia sala, na mwisho yuko mtu wa kwao wa kumpokea.

Sasa twende studio, kwa sababu huko ndiko walikotoka hao vyura unaowasikia. Waliporudi Tokyo Hosono hakuita mpiga sitari wala mpiga tabla. Aliita watu wa mashine. Ryuichi Sakamoto alikuja na vinanda vyake, Shuka Nishihara pia alipiga vinanda, na Hideki Matsutake alisimamia mitambo. Huyu Matsutake ni muhimu kumjua. Alijifunza kazi kwa Isao Tomita, yule mtunzi aliyeipiga upya miziki ya Debussy kwa sintesaiza tupu mwaka 1974 na kuwafungulia Wajapani mlango wa ala hiyo.

Sintesaiza ya wakati ule haikuwa kinanda unachobonyeza kikatoa sauti ya filimbi au fidla iliyokwisha kuandaliwa. Ilikuwa kabati la nyaya. Chombo kimoja ndani yake kinatoa mlio mkavu usioisha; mlio huo unapitishwa kwenye kichujio kinachokata makali yake; kingine kinaamua mlio uanze ghafla au upande polepole. Ukikifungua na kukifunga kichujio haraka haraka juu ya mlio mfupi, unapata chura. Ukiupandisha mlio juu sana na kuutetemesha, unapata nyenje. Hosono angeweza kutumia vyura wa kweli kutoka kwenye kanda. Akatengeneza wa umeme, kama vile bendi ya Denny ilivyowaiga kwa midomo miaka ishirini nyuma. Sikiliza upande wa kwanza usiku, sauti ikiwa ya wastani, utaona jinsi sikio linavyoanza kukataa kwamba ni nyaya.

Halafu kuna kile kinachojirudia bila kuchoka chini yake. Mwaka 1977 kampuni ya Roland ya Osaka ilitoa mashine iitwayo MC-8, iliyotokana na ubunifu wa Mkanada Ralph Dyck. Matsutake aliitumia mwaka huo wa 1978 katika kazi za Sakamoto na za bendi nitakayoitaja sasa hivi. Haina funguo za kinanda. Ina vitufe vya namba, kama kikokotoo. Kila noti unaiandika kwa namba: moja inasema ni noti ipi, nyingine inasema upite muda gani kabla ya noti inayofuata, ya tatu inasema sauti ibaki wazi kwa muda gani. Tuseme pigo moja umelipa 48. Ukitaka noti mbili sawa ndani yake unaandika 24 na 24, na zitatoka kama saa ya ukutani. Lakini ukiandika 28 na 20, pigo linaanza kuchechemea, linapata mwendo wa kiuno. Watu husema mashine haina roho. Waliosema hivyo hawakuwahi kumwona mtu akikaa saa nzima akibishana kati ya 28 na 27.

Kwa mpiga besi kama Hosono hii ilikuwa nafasi ya ajabu. Kazi ya besi ni kujua noti ikae wapi hasa, mbele kidogo au nyuma kidogo ya pigo, na sasa angeweza kuiweka popote na ikabaki hapo hapo.

Hapo ndipo ilipo pop uliyoniuliza. Ukiitafuta kwenye kiitikio na mwimbaji hutaipata. Hii si albamu ya waimbaji. Itafute kwenye kujirudia. Muziki wa darasani wa miaka ile, ule wa maabara za redio za Ulaya, ulijivunia kutojirudia: sauti ikija mara moja isirudi tena. Cochin Moon inafanya kinyume. Inachukua kipande kifupi, inakirudia mpaka mwili wako unakikubali, ndipo inaanza kukibadilisha polepole pembeni. Hiyo ni akili ya mtu aliyepiga kwenye bendi, anayejua msikilizaji anataka kushikwa mkono. Hepatitis ni kifupi na kinarukaruka. Ukimpigia mtoto atacheza. Albamu yenyewe ilitolewa mwezi Septemba 1978 na King Records, kampuni kongwe ya santuri iliyouza nyimbo za watu wote, si taasisi ya wasomi. Ni majaribio, ndiyo, lakini ni majaribio yaliyowekwa dukani pamoja na nyimbo za kawaida, yakisubiri mtu yeyote mwenye fedha za santuri.

Na utazame mwaka wenyewe. Aprili 1978 Hosono alitoa Paraiso. Juni ikatoka Pacific, aliyoifanya pamoja na Shigeru Suzuki na Tatsuro Yamashita. Septemba ni Cochin Moon. Novemba ni albamu ya kwanza ya Yellow Magic Orchestra (YMO), bendi yake na Sakamoto na mpiga ngoma Yukihiro Takahashi, bendi iliyokuja kujulikana kwa kila nyumba Japani na kupiga hadi Ulaya na Marekani. Kwenye albamu hiyo ya Novemba waliipiga Firecracker ya Martin Denny kwa sintesaiza. Kati ya ndoto ya Denny na Firecracker ya mashine, Cochin Moon ndiyo daraja. Huwezi kuruka kutoka Paraiso, yenye magita na ngoma za watu, mpaka YMO, bila kupita kwenye hoteli hii ya Malabar ambamo Hosono alijifunza kujenga mahali pazima kwa umeme. Wapo wanaoiona kama kazi ya pembeni, mchezo wa likizo kabla ya kazi kubwa. Siafikiani nao hata kidogo. Kwangu ndiyo yenye ujasiri kuliko zote nne za mwaka ule.

Nilitaja Pacific makusudi, maana inajibu swali lako la ushirikiano kwa kulinganisha. Ile ni albamu ya wanamuziki watatu, wote mahodari, majina yote matatu jaladani. Lakini kila mmoja alileta vipande vyake na kuvisimamia mwenyewe. Kilichowaunganisha ni mada ya bahari ya kusini waliyopewa. Ni nzuri, naipenda. Ila ukiuliza ni wapi mawazo ya mtu yaliingia ndani ya kazi ya mwenzake yakaigeuza, utapata kidogo. Katika Cochin Moon mmoja tu ndiye mwanamuziki, na bado kila dakika ina alama ya mwenzake: nchi ni ya Yokoo, safari ni ya Yokoo, na wazo la albamu kuwa kama muziki wa filamu ya Kihindi isiyokuwapo linatoka kwenye dunia ya mabango, ambako picha moja inabidi ikuahidi filamu nzima. Nawe unayapenda mabango ya filamu za Kihindi, unajua nasema nini: rangi ya waridi, samawati, nyuso kubwa kuliko milima. Yokoo alikuwa akiyapenda hayo hayo. Hosono naye aliuona uzito wa mwenzake kiasi cha kutaka aingie YMO kama mwanachama wa nne, ingawa hilo halikutimia. Mpiga ala gani angeweza kutakiwa hivyo bila kupiga ala?

Tuje kwako, pwani, kwa sababu nadhani una faida ya kuisikiliza albamu hii ambayo msikilizaji wa London hana. Mombasa imeishi na nyimbo za filamu za Kihindi kwa vizazi. Waimbaji wa taarabu kama marehemu Juma Bhalo walizichukua zile sauti, wakaweka mashairi ya Kiswahili juu yake, na watu wakaziimba harusini hadi zikawa zao. Hapo kilichovuka bahari ni mahadhi, na kilichobadilika ni maneno na mazingira. Hosono alifanya kinyume chake: mahadhi ya Kihindi aliyaacha, akachukua mazingira. Joto, homa, taa ya hotelini, wadudu. Ndiyo maana ulipoitafuta Uhindi unayoijua hukuipata. Ulikuwa unatafuta wimbo, na yeye alikuletea chumba ambamo wimbo ungesikika kutoka mbali.

Tena Japani haiko mbali na taarabu yako kama inavyodhaniwa. Ile taishokoto ya bendi za Mombasa, yenye nyuzi na vitufe vya kubonyeza, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita, aliyevutwa na vitufe vya taipureta. Ikafika Uhindi, ikapewa jina la bulbul tarang, na kwa njia za bahari hii hii ikafika pwani yetu na kukaa kati ya udi na fidla. Mjapani aliyechukua mashine ya ofisini akaifanya ala ya muziki, na ala hiyo ikazunguka Bahari ya Hindi. Miaka sitini na sita baadaye Mjapani mwingine akaandika muziki kwa vitufe vya namba baada ya kurudi kutoka Malabar. Sisemi mmoja alimfuata mwingine. Nasema masikio yako yamekwisha kuzoea Japani iliyopita Uhindi, hata kama hukuwa ukiiita hivyo.

Kuna lawama moja ambayo lazima niigusie, maana kijana wako huenda akaisikia: kwamba hawa ni Wajapani matajiri waliokwenda Uhindi kama watalii, wakaugua, wakaufanya ugonjwa na umaskini wa wengine kuwa pambo. Lawama hii ina uzito. Uhindi katika albamu hii haina Mhindi anayepiga wala anayeimba kwa jina lake, na hilo ni pengo la kweli. Ningependa sana mwanamuziki mmoja wa Kerala angekuwapo studio. Lakini ninaposikiliza, sisikii mtu anayejidai kuijua nchi. Majina ya nyimbo yanasema wazi mgeni alikuwa wapi: hotelini, kitandani, kwenye ubalozi. Hakujifanya mwanafunzi wa raga baada ya kukaa muda mfupi. Katika miaka ile ambapo kila bendi ya Uingereza na Marekani iliyowahi kumwona mtu wa Uhindi ilitia sitari kwenye santuri yake, Hosono aliandika kuhusu kile tu alichokuwa na haki nacho, yaani homa yake mwenyewe. Naona uaminifu hapo, na ndio unaoifanya albamu isikilizike mpaka leo wakati nyingi za aina ile zimechuja.

Kwa miaka mingi nje ya Japani ilikuwa shida kuipata. Mwaka 2018 kampuni ya Light in the Attic ya Marekani iliitoa upya pamoja na albamu nyingine za Hosono, na tangu hapo vijana wa kila mahali wameigundua. Nadhani ndivyo ilivyomfikia mwanao.

Sasa jinsi ya kuisikiliza, maana nakuona uko karibu kuiacha. Usianze mwanzo. Anza na wimbo wa mwisho, ule wa Madras, kwa kuwa mahadhi yake ndiyo mepesi kushika kuliko yote. Usikilize mara mbili au tatu ukiwa unafanya kazi zako, bila kuukodolea masikio. Halafu Hepatitis. Vikishakaa hivyo viwili, tenga muda usiku, nyumba ikiwa imetulia, upige upande wa kwanza wote bila kukata katikati, orofa ya chini mpaka paani, kwa sababu zile nyimbo tatu ni jengo moja. Fuata sauti ya chini kabisa, ile inayojirudia. Milio ya juu iache ije na iondoke. Hum Ghar Sajan iweke mwisho wa yote. Inahitaji subira, nayo inailipa. Na tafadhali usiisikilizie kwenye spika ya simu. Sauti za chini hazitoki humo, na ukizikosa umebaki na vyura tu.

Ukiisha kuipenda, au hata usipoipenda lakini ukataka kujua ushirikiano wa aina hii ulifika wapi, nakupa mbili. Ya kwanza ni albamu ya 1981 ya mwimbaji Phew wa Osaka, iliyobeba jina lake. Alikwenda Ujerumani kwenye studio ya Conny Plank, akarekodi na Holger Czukay na Jaki Liebezeit waliokuwa wa bendi ya Can. Sauti yake ni kavu, karibu kama anasema, na ngoma za Liebezeit zinazunguka chini yake. Hiyo ni ngumu zaidi, nakuonya mapema. Ya pili ni Utakata no Hibi ya mwaka 1983, ya kundi la Mariah lililoongozwa na mpiga saksafoni Yasuaki Shimizu, ambamo Kijapani kinaimbwa pamoja na Kiarmenia. Kwa mtu aliyezoea taarabu ninaamini hii ya pili itaingia upesi kuliko zote, kwa hiyo mwambie kijana aitafute kwanza hiyo.